Nywila ya Mwalimu Mwita

Jumatano, Tarime mjini. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta mbili, na roho imenichafuka kutwa nzima.

Kwa asiyejua, kazi yangu ni kutunza seva ya gazeti letu dogo la mtandaoni. Waandishi wetu wako vijijini, Natta, Machochwe, Gorong'a, na wanatuma habari kwa simu. Mtu anaandika jina lake na nywila yake, seva inakubali, habari inatoka na jina lake juu. Hakuna anayeipitia kwanza. Mhariri wetu ndivyo alivyotaka, ili tuwe wa kwanza kila siku.

Jana jioni ilitoka habari kwa jina la Mwalimu Mwita, mwalimu mstaafu, mwandishi wetu wa Gorong'a. Ilisema ng'ombe walioibwa wiki iliyopita wameonekana zizini kwa jirani yake, na jirani akatajwa kwa jina. Leo asubuhi vijana wamevunja zizi la yule jirani. Wameswaga ng'ombe kwenye matope na kuwakagua alama mmoja mmoja. Wote ni wake. Mkewe ameanguka kwenye purukushani, amevunjika mkono.

Mwalimu akanipigia. "Bhoke mwanangu, mimi sijaandika kitu. Jana simu yangu ilikuwa imeisha chaji."

Nikaangalia seva. Nywila ilikuwa sahihi, na aliyeingia hakubahatisha. Kwa seva, huyo ni Mwalimu Mwita, basi.

Nywila yenyewe ilikuwa Ngurumo. Naiandika hapa kwa kuwa nimeshaiua. Ngurumo ni dume lake la ng'ombe, na sisi Wakurya mtu na dume lake huwatenganishi. Kwenye kila harusi, Mwalimu akishalainika kidogo kwa kinywaji, anasimama, ananyoosha mikono juu kama pembe na kulisifia dume kwa jina mpaka watoto wanaitikia. Nilimsihi abadilishe. Akasema, "Paswedi nyingine nitaikumbukaje? Hii siwezi kuisahau hata nikiumwa."

Ofisini nikatangaza kwamba kuna mwizi ameingia kwenye seva. Mhariri alikuwa anakula chapati. Hakuacha kutafuna.

"Mwizi gani? Habari ile nimeiweka mimi. Si tulikuwa wote harusini kwa binti yake, akilisifia dume lake? Nywila yake ingekuwa nini kingine? Watu wa kule wanamwamini Mwalimu. Ningeweka jina langu, nani angesoma?"

Akajifuta mafuta mdomoni kwa kiganja. Fununu aliipata mpakani, Sirari, akasema, kwa mtu wa uhakika. Kisha, kwa kiganja kilekile, akageuza kompyuta yake nione wasomaji walivyoongezeka.

Nikamwambia mke wa yule jirani amevunjika mkono.

"Si tumeshaifuta habari yenyewe? Usikuze mambo, Bhoke."

Mke wa mtu amefungwa mkono kwa vipande vya mbao, na mimi nakuza mambo.

Nimefunga akaunti zote. Nimempa kila mwandishi nywila mpya, na kuanzia leo seva haimruhusu mtu kuingia mpaka simu yake mwenyewe ipokee namba ya kuthibitisha. Ningefanya hivyo zamani kama huyu bwana asingenikatalia kila nilipoomba. Alisema inachelewesha habari.

Alasiri Mwalimu alipiga tena. Ritongo, yaani baraza la wazee wa ukoo, limemwita kesho aape. Kwetu kiapo hakichezewi. Ukiapa uongo, balaa linaingia nyumbani kwako na kukaa mpaka kwa wajukuu. Mwalimu ni mzee wa kanisa, lakini atakwenda.

"Nitaapa, sina hofu. Ila wataniuliza, kama si wewe, ni nani? Nitasema sijui, na watanicheka. Wewe hapo ofisini, hujajua ni nani?"

Mhariri alikuwa mbele yangu, anachokonoa meno.

Nikajibu, "Bado naangalia, Mwalimu."

Hapo nilijichukia kuliko nilivyomchukia mhariri. Nimerudi nyumbani, nimeoga, na bado nasikia harufu ya ile chapati. Kazi hii naipenda. Najua nikifungua mdomo sina tena kazi, na mji wetu ni mdogo.

Nimempigia Mwalimu sasa hivi. "Shikamoo. Ninamjua aliyeandika."

Akaniuliza kama niko tayari kumtaja mbele ya wazee, maana shahidi naye huapishwa. Nimesema niko tayari. Sijui kama wazee watamsikiliza msichana wa kompyuta. Wasiponisikiliza nitarudia, na nitaeleza habari za harusi na za Ngurumo mpaka waelewe.

Bodaboda nimeshamwambia aje mapema. Kesho mhariri atafika ofisini asinikute, atawasha kompyuta yake na kutaka kuingia kwenye seva. Nywila yake nayo nimeibadilisha. Mpya sijampa.