Njoo Umbishie Mume Wangu

Mpenzi wangu Baba Imani,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na theluji ya huku Amerika imeanza mapema mwaka huu. Imani amejifungia chumbani kwake na simu yake. Mimi niko mezani jikoni, chai imeshapoa. Nimetaka kukuandikia tangu msimu wa mpira wa kikapu ulipofunguliwa, nikawa naahirisha kwa sababu nilijua nikishika kalamu nitalia. Nimeishika, na ninalia. Basi nitaandika hivyo hivyo.

Unakumbuka mambo haya yalianzia wapi? Wewe mtu wa Kisii, mpira uliokuwa unaujua ni wa miguu, ukapata kazi ya kumlea yule mzee Mzungu kule Golden Valley. Mzee alikuwa hamezi dawa mpaka timu ya chuo ifike mapumziko. Ukaona badala ya kugombana na mzee wa watu, heri ukae naye mtazame. Ukawa unarudi nyumbani na viatu vimejaa chumvi ya barabarani, hujavua hata koti, unanieleza habari za vijana ambao mimi sikuwajua na sikutaka kuwajua. Wiki hii wamewapiga vigogo, wiki ijayo wanafungwa na kijichuo ambacho hata mwenye gari hakijui kilipo. Mzee akafariki, ukabaki na timu yake. Watu hurithi mashamba, mume wangu. Wewe ulirithi timu isiyoeleweka.

Kisha Papa Sifa akahamia jengo letu pale Brooklyn Park, na amani ya nyumba yangu ikaisha.

Nilimpenda mkewe siku ya kwanza. Yeye mwenyewe nilichukua muda. Alikuwa ametoka Uvira, Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi, anafanya kazi ghala moja la Plymouth, na wanawe walikuwa wamemfundisha kikapu kwenye televisheni. Aliipenda timu ile ile yako, lakini aliipenda kama mama anavyompenda mtoto mlevi, kwa matusi. Kila Jumapili baada ya ibada mlianza pale kwenye ukumbi wa kanisa, mandazi mkononi, mkaendelea kwenye maegesho huku baridi inawakata masikio, mkaja kumalizia kwenye sofa langu.

"Non, non, Baba Imani. Hii équipe haiko sérieux," angesema. "Leo banacheza muzuri, kesho banalala. Weye unabaamini juu ya nini?"

"Papa Sifa, hawa ni watoto wa shule," ungemjibu. "Wako na exams. Wewe ukifanya double shift kesho yake unabeba maboksi vile vile? Wacha wajengeke."

"Banajenga nini? Nyumba? Tangu nilifika Amerika banajenga!"

Imani naye akipita kwenda kuchukua juisi angetupia neno lake: "Dad, they're terrible." Ungemwambia anyamaze, amefundishwa na Wakongo. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nawakaripia kwamba mnapiga kelele, watu wa chini watatuitia meneja. Nilikuwa nasema tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakata vitunguu polepole ili nisikie nani atashinda. Ulikuwa ukiongea na wakubwa wako kazini kwa sauti ya mtu anayeomba njia. Kwenye sofa lile, mbele ya Papa Sifa, ulikuwa na sauti yako yote.

Halafu ikakujia saratani ya ini.

Mchungaji alitangaza madhabahuni, na watu wetu wakafanya wanachojua kufanya. Wakaja. Mboga za managu na kuku kutoka kwa akina mama wa kwetu, sombe ya majani ya mihogo na samaki kutoka kwa akina mama wa Kongo, mpaka friji ikakataa kufungika. Walikuja na upendo, siwezi kuwasema vibaya. Ila walikuja na ile sauti. Unaijua ile sauti. Mtu aliyekuwa akikucheka jana anavua viatu mlangoni kama anaingia chumba cha mtoto aliyelala, anakaa pembeni ya kiti, na chochote utakachosema anaitikia, "Ndiyo, ndugu. Kweli kabisa, ndugu." Kwetu mgonjwa habishiwi. Hayo ni malezi. Mama yangu alinifunza hivyo, na mama yako pia.

Ulisema chai ina sukari nyingi, wakakubali. Ukasema ina sukari kidogo, wakakubali. Siku moja ukasema, kwa makusudi, nilikuona, kwamba majira ya baridi ya huku si mabaya ukiyazoea. Chumba kizima cha Waafrika kikaitikia kwamba ni kweli, si mabaya. Uliniangalia, tukajizuia kucheka, halafu uso wako ukabadilika na hukutaka kucheka tena.

Ulikuwa unamngoja Papa Sifa. Nilijua. Alikuwa amehamishiwa zamu ya wikendi na hakuwa amekuja tangu tangazo. Alipokuja hatimaye ilikuwa siku ya mchezo, nami nikafurahi nikaweka mahindi ya kuchoma kwenye oveni. Timu yenu ilifungwa vibaya sana siku ile. Walikosa mpaka mitupo ile ya bure, mtu anasimama peke yake, hakuna anayemzuia, na bado anakosa. Nikangoja moto uwake. Wewe ukakaa sawa kwenye mto, ukakohoa, ukamchokoza: "Haya Papa Sifa, unaona? Wanajengeka."

Papa Sifa aliangalia mikono yake. Akasema polepole, "Ni kweli, Baba Imani. Banajenga. Mwaka kesho batakuwa bakali."

Uliweka kikombe chini. Ukamshukuru kwa kuja, kwa adabu, kama unamshukuru mtu wa bima. Alipoondoka, uligeukia ukutani, ukaniambia, "Mama Imani, mimi nimekwisha. Papa Sifa amenikubalia."

Madaktari walikuwa wamekueleza kila kitu, na picha wakakuonyesha, na ukaitikia kwa kichwa kama mwanamume. Lakini siku ile ndiyo uliyoacha kula. Nilileta uji, ukasema baadaye. Nilileta supu, ukasema baadaye. Nilikuombea, nikakubembeleza, nikakasirika, nikatoka nikaenda kukasirikia bafuni. Nimefanya kazi ya kuwauguza wazee miaka yote hii, Baba Imani. Namjua mtu anayekufa na namjua mtu aliyeamua kutangulia. Ulikuwa umeanza kutangulia, na mimi sikuwa tayari.

Hili sikukuambia ulipokuwa hai. Kesho yake, nikitoka kazini na sare yangu, nilimkuta Papa Sifa kwenye maegesho akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Sikumsalimia hata. Nikamwambia, "Papa Sifa, njoo umbishie mume wangu."

Akashangaa. "Mama Imani, nitamubishia aje mutu wa kuumwa? Kwetu ile ni zambi."

"Hata kwetu ni dhambi. Lakini watu wote wanamkubalia. Ukimkubalia na wewe, atabaki na nani?"

"Nilimuona," akasema. "Eko anakauka. Nikafungua kinywa, maneno ikakataa."

"Basi yalazimishe," nikamwambia. "Hali chakula. Tangu jana hali. Njoo umtukanie timu yake."

Akaendelea kukwangua kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Halafu akaegemea gari, akajifunika macho kwa glavu, mtu mzima yule, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Mimi nikasimama tu pale. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza hata kumwambia pole.

Unajua alivyokuja. Jumamosi, ameomba ruhusa kazini, nyumba imejaa, mke wa mchungaji ameanza pambio kwa sauti ya chini. Mlango ukafunguliwa na Papa Sifa akaingia na viatu vyake miguuni, bila hodi, bila pole.

"Baba Imani! Équipe yako inaleta haya! Juu ya nini kocha anaendelea kumuweka ule kijana murefu? Mikono yake ni siagi!"

Pambio likakatika. Mke wa mchungaji aliniangalia kama mimi ndiye ninayepaswa kuita polisi. Na wewe, ambaye asubuhi ile nilikugeuza kitandani kwa mikono yangu miwili, uliinuka kwa kiwiko. "Wewe Papa Sifa," ukasema, "unajua nini kuhusu defense? Huyo kijana ndiye anawa-save! Keti chini nikufunze!"

Mkabishana mpaka mke wa mchungaji akaaga. Mlibishana kuhusu kocha, kuhusu yule mrefu, kuhusu mchezo wa miaka mitatu nyuma ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri. Katikati ya yote ukaniita, "Mama Imani, hakuna kitu ya kula hii nyumba?" Nilikuletea ndizi na mchuzi. Ulikula nusu sahani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, na kama ungeniuliza siku hiyo furaha ni nini, ningekuonyesha ile sahani.

Hakukosa mchezo tena. Aliomba kazini wambadilishie zamu, akaja akakutukana kila mara, na kila mara ulikula kidogo, kisha kidogo zaidi ya kidogo, kisha maji tu. Mchezo wa mwisho mliotazama pamoja hukuweza kuinua kichwa. Timu ilikuwa imeshinda, ajabu, na wachambuzi walikuwa wanasema huenda ikaingia mashindano makubwa ya mwezi wa tatu. Ukasema, sauti imekwisha kabisa, "Papa Sifa. Mimi March sifiki."

Nikamwangalia yule mtu, nikamwomba Mungu, asilainike. Usilainike sasa.

"Ufike, usifike," Papa Sifa akasema, "équipe yako haitafika."

Ulicheka, Baba Imani. Ulicheka mpaka ukakohoa, tukakuinua mimi na yeye, kila mmoja upande wake, na ulikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Nilirudi jikoni nikafungua bomba la maji mpaka mwisho ili usinisikie.

Ulituacha siku ya kazi, asubuhi, hakuna mchezo wowote. Tukakurudisha Kisii, ukazikwa karibu na baba yako. Kwenye ibada ya huku, kabla ya safari, Papa Sifa aliitwa aseme neno kama rafiki. Alifika mbele, akashika kipaza sauti, akatazama jeneza kwa muda mrefu, akarudi kukaa. Watu wakaitikia amina.

Sasa nikuambie habari ambayo imenivunja. Msimu huu wanashinda. Wanashinda nyumbani, wanashinda ugenini, yule kijana mrefu amegeuka simba. Papa Sifa huja siku za mchezo, anakaa kwenye kile kiti kigumu, sofa analiacha wazi. Tunatazama kimya kama watu walio kwenye foleni ya hospitali. Imani aliniambia juzi, "They're actually good now, Mama," nikatamani kurusha rimoti dukani irudi ilikotoka. Wamekuwa wazuri wa nini sasa? Walikuwa wapi? Jumapili iliyopita, wakiwa wanaongoza kwa mbali, Papa Sifa alisimama kabla hata ya mapumziko. "Mama Imani, minaenda. Hakuna kitu ya kusema." Nilimwona dirishani. Alikaa kwenye gari bila kuliwasha.

Na mimi zamu yangu imefika. Nimegundua mjane naye habishiwi. Nilisema nitauza sofa, wakasema ndiyo, mama, uza. Wiki iliyofuata nikasema sitauza, wakasema ndiyo, mama, usiuze. Nikasema nitarudi nyumbani kabisa nikalime chai, mimi ambaye hata bustani ya nyanya ilinishinda, na wakasema Bwana atakuongoza. Wewe ungesema, "Mwanamke, umeota?" Nimelala pale upande wako wa kitanda nikiwaza tu hayo maneno mawili. Miaka yote ile nilidhani unanichosha.

Leo kanisani, baada ya ibada, walinizunguka na chai wakaniuliza ninaendeleaje. Papa Sifa alikuwa amesimama nyuma yao. Nikawaambia niko sawa. Nikawaambia nimeshazoea kukaa bila wewe. Wote wakaitikia kwamba Mungu ni mwema. Nikamtafuta Papa Sifa kwa macho, nikangoja. Akaangalia mikono yake.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Uongo."

Pumzika, mume wangu, na baridi isikufikie huko.

Ni mimi mkeo,
Mama Imani