Ndoo Iliyolazwa Wazi

Kibiti, 6 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, wajukuu zako wanakusalimu. Mgongo je? Maadamu simu yako imezama mtoni, nampa Bushiri wa boti barua hii na kiroba cha mboji.

Tulikubaliana: kitalu chako cha mpunga kikifa tena mwaka huu, unaondoka Mbwera, unahamia kwangu. Usije ukasema sikukusaidia. Tengeneza chai ya mboji. Chukua ndoo ya maji ya mvua, ya mtoni yana chumvi, tia bakuli mbili za mboji. Iache siku mbili, ukoroge asubuhi na jioni. Kisha chuja, zimua ifanane na chai ya rangi nyepesi, umwagie miche.

Mwanao, Safina

Mbwera, 15 Januari 2025

Mwanangu Safina,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake.

Chai yako balaa! Nimekoroga mpaka mkono umekufa ganzi. Siku ya pili nafunua ndoo, harufu ikanitoa nje mbio. Jirani yangu Swaumu kaja kuuliza nini kimefia uvunguni. Nikasema labda ndiyo dawa yenyewe, nikamwagia. Miche yote imelala, Safina! Mbegu ya marehemu baba yako, sasa nimebakiwa na kibaba kimoja tu. Nani kakufundisha mambo haya?

Mama yako

Kibiti, 21 Januari 2025

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Umeandika "nafunua ndoo". Kumbe uliifunika! Mama jamani, kwenye mboji mna vijidudu hai vinavyotaka hewa. Ukivibana vinakufa, maji yanaoza. Iache wazi!

Mwanao, Safina

Mbwera, 27 Januari 2025

Safina,

Marahaba. Wazi? Kwani wewe ulizaliwa nyumba gani? Hapa chombo hakilazwi wazi, hata mtungi mtupu naufunika na bismillahi juu yake. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa kuacha sufuria wazi. Jambo unalijua tangu unatambaa, na barua nzima hukuandika neno "usifunike". Kwa nini?

Mama yako

Kibiti, 8 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Nilijua utaifunika. Nilipofika hapo kwenye barua nilisita, kisha nikaparuka. Nilitaka kitalu kife uje kwangu, maana kila nikisikia mto umejaa, roho yangu haitulii. Nimekukosea, na nimeikosea mbegu ya baba.

Funga kipande cha chandarua mdomoni mwa ndoo. Kitakuwa kimefunika, na hewa itapita. Nisamehe.

Mwanao, Safina

Mbwera, 25 Mei 2025

Safina,

Marahaba. Nilinyamaza kwa hasira. Ramadhani nzima nilikusamehe mara tatu, nikaghairi mara nne. Mtu unamzaa mwenyewe, halafu anakuvizia kwa ndoo!

Chandarua kimefaa. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kuitazama ndoo ile, lakini haikunuka. Kibaba changu kimeota chote, nikapandikiza, na sasa mpunga unatoa masuke. Kwa hiyo sihami, na habari hiyo usiirudie tena.

Ila ndege wameshauona, na mgongo wangu haupandi ngazi. Bushiri atakungoja na boti yake Nyamisati Jumamosi. Dungu lako tayari lipo katikati ya shamba, juu ya miti minne. Utakaa humo kuamia, ufukuze ndege mpaka mpunga uive, na sitaki kusikia jua kali.

Uji nitakuletea mwenyewe. Utakuwa umefunikwa.

Mama yako