Risasi ya Kuzibia Boti

Abdi, walaal, ndugu yangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wanne ambao watatu ni mbuzi, natangaza kwamba kuku mweupe wa mama yako ametaga ndani ya boti yetu. Yai moja. Shahidi wa nne ni mama yako mwenyewe, na amekataa yai lisitolewe. Anasema kuku ndiye abiria wa kwanza, asisumbuliwe.

Nimeanza na kuku kwa sababu nikianza na wewe nitatukana. Matusi yatakuja.

Boti iko uani kwangu, juu ya magogo yale yale. Unakumbuka yule mzungu wa kupima mto alivyotuachia alipofungasha baada ya Uhuru, kama mtu anavyoacha chombo kilichotoboka. Wewe ukaiita Sufuria, kwa ule weupe wa bati lake. Wewe, mtu wa ngamia, uliyesema samaki ni nyoka aliyekosa adabu! Lakini ngamia wako walikuwa wameshachukuliwa na wenye bunduki, na hakuna aliyekuambia ni wenye bunduki wa upande gani. Kivuko kilifungwa, mama yako akakwama upande huu, dada yako Khadija ng'ambo. Ukasema tuizibe Sufuria, tumvushe mama, mambo ya samaki tutaona baadaye.

Na mimi nikajifanya fundi. Nikakuambia boti haipelekwi mtoni kutafutwa matundu. Inajazwa maji ndani, unaangalia inapolia kwa nje, unatia alama ya mkaa. Uliponiona namwaga debe la nane ulikasirika, ukasema maji hayachezewi hivyo. Sijamaliza kutia alama, umeshaleta mbuzi wanywe. Tulipata alama kumi na mbili, zote kwenye vichwa vya ribiti, zile pini zinazobana mabati, isipokuwa moja iliyokuwa mate ya mbuzi.

Hapo nikatoa kifua nikasema, "Hizi dawa yake ni risasi."

Ukanitazama kama niliyerukwa na akili. Risasi uliyoijua ilikuwa ile moja tu. Nikakueleza kwamba madini laini tunayoyeyusha kulehemu taa na birika nayo yanaitwa risasi, neno ni hilo hilo. Nilifurahi kukufundisha neno lisilo na p. Kila siku nilikuwa nakusumbua, sema pipa, si biba, sema pampu, si bambu, na wewe unanijibu, "Si umeelewa? Basi wacha." Lakini risasi uliitamka kama mwalimu wa shule. Nikakupigia makofi.

Kisha nikakutuma kwa fundi wa taa sokoni. Mimi ndiye niliyekutuma. Ningeweza kwenda mwenyewe, ila nilikuwa sijamaliza chai.

Mama Fatuma wa maziwa alikuwa nyuma yako pale kizuizini. Amenisimulia mara moja, nikamwomba asirudie. Anasema askari alikuuliza unakwenda wapi, ukamjibu kwa Kiswahili safi, na hata ulitabasamu, "Naenda kuchukua risasi."

Risasi ya nani?

Ukanyamaza. Mjinga wewe. Ulidhani ukinitaja utaniletea matata. Si ungesema ni ya Komora, anakaa pale, boti yake inavuja! Ulibishana nami juu ya chumvi, juu ya mwezi, juu ya njia ya kufunga kamba, na siku hiyo moja ndiyo ukajua kufunga mdomo. Wakakusogeza kando ya barabara. Mama Fatuma alisikia mlio mmoja. Kwenye karatasi wakaandika shifta, yaani mwasi wa bunduki. Shifta mwenye kikopo kitupu mkononi.

Wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe. Kizuizi kile kile, na nadhani hata askari yule yule, sikumtazama sana. Akauliza nakwenda wapi. Nikajibu kwa sauti, nikitafuta ugomvi, maneno yako yale yale. "Naenda kuchukua risasi."

Akacheka. "Ya masufuria, fundi? Pita, pita."

Neno ni lile, Abdi. Uso uliolitamka tu ndio haukuwa ule. Nilikuwa nimeandaa matusi tangu siku tuliyokuzika, nimeyapanga vizuri, ya Kiswahili na yale ya Kisomali uliyonifundisha. Unajua kilichonitoka? Nilisema asante. Nimeiosha midomo hii mara ngapi, na asante ile bado imo.

Sasa boti haivuji. Nimeichemshia lami, nikakata mpira wa ndani wa tairi, nikabandika juu ya kila ribiti na kugandamiza kwa mawe hadi ikakauka. Jana niliijaza maji asubuhi, na hadi adhuhuri haikulia hata tone. Mbuzi wakanywa. Ijumaa baada ya sala nitampeleka mama yako kwa Khadija, pale kwenye kona ya mto ambako hakuna anayetazama, pamoja na kuku na yai lake. Hilo nakuahidi, na nitapiga kasia mwenyewe, sitamtuma mtu.

Pumzika, walaal. Usibishane na walioko huko.

Utauliza kwa nini lami. Nilirudi na ile risasi, nikaiyeyusha, nikaimimina juu ya ribiti ya kwanza. Ikaviringika, ikaanguka mchangani. Nikasugua bati, nikajaribu ya pili, na ya tatu. Risasi haishiki kwenye aluminiamu.