Siku Niliyoficha Kikohozi

Zahanati ya Ambohimena,
Ambositra, Madagaska.
17 Oktoba 2019

Mpendwa kaka Haja,

Hujambo huko Reunioni? Mgongo umepona? Mama hajambo, na mwanangu Miora ameng'oka meno mawili. Mimi nimelazwa, ila usishtuke kabla hujamaliza kusoma. Muuguzi Tahina anasema karatasi haiambukizi, ishike tu.

Kaka, tauni imefika kwetu. Alhamisi iliyopita Naivo, mwana wa jirani yetu Bi Razafy, alianza kutema damu. Unajua kijijini mimi ndiye mhudumu wa afya wa kujitolea wa zahanati hii ya hisani, nikaenda. Bi Razafy akaziba mlango.

"Mafua tu haya! Akifia kwenu mtamzika porini peke yake. Kaburi la ukoo alimolala baba yake ataliona wapi?"

"Mama, akibaki humu ndiyo atakufa. Nipishe!"

Aliniita mchawi mbele za watu. Mwishowe alinipisha, nami na majirani tukambeba Naivo kwa machela hadi zahanati, mwendo wa saa nzima. Kipimo kikathibitisha. Sote tuliomgusa tukapewa vidonge vya siku saba.

Jumatatu asubuhi nikakohoa.

Haja, sijawahi kuogopa vile. Mimi ninayewahimiza wenzangu wasifiche ugonjwa nilijifungia jikoni, nikajiziba mdomo kwa shuka Miora asisikie. Niliwaza nani atamsuka nywele. Nikajiambia ni moshi. Nilikaa humo mpaka adhuhuri.

Aliyenisikia ni Bi Razafy. Alisukuma mlango kwa bega.

"Toka, mchawi wee! Unatembea au nikubebe?"

Alitangulia kwenda zahanati, nami nikamfuata hatua kumi nyuma, nikilia njia nzima.

Naivo jana alikula wali akaomba wa kuongeza. Miora aliletwa kuniona dirishani. Alibusu kioo, nikamfokea arudi nyuma. Sura yake hainitoki.

Majibu yangu yametoka leo: sina tauni. Nilidhani nitacheka. Badala yake nimeomba karatasi nikuandikie wewe. Asubuhi hii wameletwa wagonjwa wengine wawili kutoka kitongoji cha juu, na Tahina ameniuliza kama nitapita tena nyumba kwa nyumba. Nimejibu ndiyo. Naogopa, kaka, naogopa sana, lakini nimejibu ndiyo.

Nisalimie wifi Onja na Mbola mdogo. Mungu na wazee wetu wawafunike huko mliko.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,
Vololona