Yaya, Solange Bado Anasoma

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Ni mimi, Riziki, mdogo wako. Ninaandika nikiwa kwenye kiti chako karibu na dirisha, hapa nyumbani Murara, Goma. Tundu la risasi kwenye ukuta wa mbao tulilifunika kwa kipande cha bati. Mama hataki kukaa upande huu. Mimi ndipo ninapofanyia kazi sasa, na kazi yenyewe ni yako.

Wacha nikueleze mambo yalivyokwenda. Siku waasi walipoingia mjini tulilala sakafuni sote watatu, wewe katikati. Ulikuwa unaniambia nivute godoro karibu na mama. Halafu ukanyamaza. Nilidhani umechoka kusema. Yaya, nilidhani umechoka tu.

Tulikuzika milio ya risasi ilipotulia. Umeme haukuwepo, rezo ya intaneti haikuwepo. Vilipoanza kurudi niliwasha kompyuta yako nitafute picha yako, nikakuta ujumbe wa Solange, mwanafunzi wako wa Kiswahili wa kwenye mtandao, mmoja baada ya mwingine. "Mwalimu, uko salama?" "Mwalimu, nilifungua somo saa kumi, nikakungoja." Kila Jumanne na kila Ijumaa alifungua somo, akakaa mbele ya skrini peke yake.

Solange nilimjua kwa masimulizi yako tu, tukiwa tunamenya viazi. Mama yake alimbeba mgongoni akiwa mtoto mchanga, wakakimbia volkano ilipofunika mji wetu, na mwisho wakafika Ubelgiji. Binti akakulia katika Kifaransa. Kisha mama akapatwa na kiharusi, na alipoanza kusema tena, Kifaransa kilikuwa kimemtoka chote. Kilibaki Kiswahili. Binti anamuuguza mama yake na hajui mama anaomba nini. Ndiyo maana alikutafuta.

Ijumaa moja nikafungua somo mimi. Aliponiona akatabasamu, maana tunafanana. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa Kifaransa, lakini maneno yote yakapotea. Nikasema kwa Kiswahili: "Furaha alikufa." Akaelewa. Akafunika uso kwa mikono, halafu picha ikazimika.

Nilijua yameisha. Baada ya wiki akaniandikia. Kumbe mama yake alikuwa akisikiliza masomo yenu kutoka kitandani, na kila ikifika saa kumi anauliza, "Mwalimu iko wapi?" Solange akaniomba niendelee mahali ulipoishia.

Mimi, Yaya. Muuza vitenge wa sokoni Birere. Nilikuwa nikikutania, "Hata mutoto wa miaka mbili anajua Kiswahili, weye unafundisha nini?" Nawe ulijibu bila kukasirika, "Kukisema ni kitu kimoja, kumupatia mutu mwingine ni kazi. Siku moja utaona."

Nimeona. Somo la kwanza nilisema mbio kama ninavyoita wateja sokoni, na nikamsahihisha kila neno, mpaka akawa anatikisa kichwa tu. Tulipomaliza nililia, kisha nikatafuta daftari lako. Nilikuta umeandika pembeni mwa kurasa, kwa ule mwandiko wako wa kuinama: "Uliza, halafu ngoja." "Maneno matano tu, ya kutumia leo: maji, baridi, inauma, nigeuze, mto." Na ukurasa mwingine: "Akikosea lakini mama yake angemwelewa, muache." Hiyo niliisoma mara nyingi sana.

Kungoja ndiko kulikonishinda. Kwenye kompyuta mtu akinyamaza unadhani rezo imekatika, unaanza kuita "Allô, allô," unamvuruga. Sasa ninamwambia, "Niko hapa, fikiri," kisha ninafunga mdomo. Nimejifunza kukaa mwanga ukiwa mbele yangu, midomo yangu ionekane vizuri. Umeme ukikatika ninamtumia maneno kwa sauti kwenye simu, ayasikilize akimwogesha mama.

Halafu nikajaribu ule mtandao wa walimu ulikokuwa umejiandikisha. Wanataka video ya kujitambulisha. Ya kwanza waliikataa, jogoo wa jirani aliwika tangu mwanzo mpaka mwisho. Ungecheka mpaka ukae chini. Ya pili walikubali. Leo nina wanafunzi watatu, lakini Solange ni wako, nimeshikilia tu.

Ninachotaka kukuambia zaidi ni cha Ijumaa iliyopita. Mama wa Solange aliomba aletwe mbele ya skrini. Akaniuliza:

"Weye ni wa wapi?"

"Wa Murara, mama."

Macho yakamjaa maji. Akaanza kusema, pole pole, mdomo wake umepinda upande mmoja. "Siku ya volkano niliacha sufuria juu ya makaa. Nilibeba mutoto, nikakimbia na batu wengine. Tulifika mbali, ndio nikaona kiatu yake moja imeanguka. Nyumba imeungua, mimi nalilia kiatu."

Nilijiandaa kumtafsiria Solange. Hakuniangalia hata kidogo. Aliinama karibu na mama yake akauliza, "Mama, kiatu kilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu," mama akasema. "Ulikuwa unapenda kukitia mu kinywa."

Wakacheka wote wawili. Waliendelea kuzungumza, wakanisahau kabisa. Nami nikageuka kuelekea jikoni nikuite uje uone. Nilishafungua mdomo, Yaya. Jina lako lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Haijapungua hamu ya kukuona. Watu waliniambia itapungua. Mama ameanza kula vizuri, na nitamtunza, kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Solange anasema njia zikifunguka atakuja Goma. Anataka kufika kaburini kwako. Nimemwahidi kwamba nitamleta mimi mwenyewe, na nawe ninakuahidi hivyo hivyo. Nitawaacha nyinyi wawili, nisimame mbali kidogo. Hatahitaji mtu wa kumtafsiria.

Lala salama, Yaya wangu.

Riziki