Mume Wangu Ameukalia Muswada wa Mdogo Wangu

Bi Odessa, habari za kazi. Miaka yote nimekuwa nikikusoma gazetini na kucheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika, naomba unishike mkono.

Mume wangu Merritt ni mwenyekiti wa kamati ya sheria katika bunge la jimbo letu, na mdogo wangu Janelle anaishi peke yake upande wa pili wa milima, ameachana na mume mlevi aliyeapa kumuua, mahakama imemkataza yule bwana kumsogelea lakini karatasi haimzuii mtu, na kwa theluji ya kule polisi ukiwaita leo wanafika kesho. Kibali cha kutembea na bastola kinachukua miezi, sasa kuna muswada wa kuwapa wanawake kama yeye kibali cha haraka, na muswada huo uko kwa Merritt, ndiye anayeupangia siku ya kujadiliwa, na Janelle ameshavuka mlima mara mbili kuja kutoa maelezo yake mbele ya kamati, mkononi ana pai ya tufaha aliyompikia shemeji yake, anaambiwa ratiba imejaa, arudi wiki ijayo.

Bi Odessa, ratiba haijajaa. Nilimuuliza Merritt tukiwa mezani asubuhi, akanijibu bila hata kuinua macho: "Nikiupangia siku, utapita. Ndiyo maana sijaupangia." Anasema wenzake wataubebesha mambo mengine mpaka kila mtu atembee na bunduki bila kuulizwa, tena hajawahi kuona ugomvi wa mke na mume uliopoa kwa kuongezewa bastola, na siwezi kumwita mjinga maana hilo nalo lina ukweli wake. Ijumaa ndiyo mwisho, muswada ambao haujatoka kamatini unakufa bila kupigiwa kura. Kila jioni Janelle ananipigia simu, "Dada, shemeji anasemaje?" nami namwambia avumilie, uko kwenye foleni. Nikisema ukweli namsaliti mume, nikinyamaza huenda nikamzika mdogo wangu. Nifanyeje?

Mke wa Mwenyekiti

*

Mke wa Mwenyekiti, pole. Kubanwa katikati ya mume na ndugu si mchezo. Pole nimeshakupa, sasa sikiliza.

Mjadala wa bunduki usinitwishe mimi, gazeti hili lina kurasa nyingine za kugombana. Mumeo ana haki ya kuupinga muswada, na kiti chake kinamruhusu kuukalia mpaka ufe. Wenyeviti wa kamati, wa chama chochote, hufanya hivyo. Asichoruhusiwa ni kula pai ya mtu huku anamdanganya. Na wewe, mama, uongo wa ratiba ni wa Merritt, lakini huo wa foleni ni wako. Unamsubirisha mwanamke anayewindwa kitu unachojua hakiji, na akiwa anasubiri hatafuti njia nyingine. Hilo ndilo limeniudhi.

Leo hii mwambie mumeo kwamba utamweleza Janelle. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Kisha piga simu, useme wazi kwamba muswada hautapangiwa siku. Janelle amwone mbunge wa eneo lake, amwombe akusanye saini kabla ya Ijumaa, maana zaidi ya nusu ya wabunge wakitia saini muswada unatolewa kamatini na kwenda mbele ya bunge zima, mwenyekiti apende asipende. Huenda zisitimie, kwa sababu wabunge wengi wanamshukuru Merritt kimoyomoyo kwa kuwaepusha na kura hiyo. Na kibali cha kawaida akiombe sasa hivi, hiyo miezi ianze kuhesabiwa.

Halafu tandika kitanda cha wageni. Mweke Merritt kitako umwambie: "Umeona mdogo wangu asipewe bastola, sawa. Basi atakaa hapa kwetu, na wewe ndiye utakayekwenda kumchukua."

Na akikujibu kwamba wiki hii ratiba yake imejaa, wewe unajua maana yake. Chukua funguo za gari uende mwenyewe.

Bi Odessa