Jiko la Pili

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini mu wazima, wewe na wifi, na kwamba kifua chake kimetulia. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka hadi sauti.

Bado niko ofisi ya mipango miji, na bado tunarekebisha zile kanuni kuukuu: kiwanja kimoja, nyumba moja, jiko moja. Ziliandikwa mji huu ukiwa na nyumba za kuhesabika. Leo watu wamebanana, wanapikia verandani, na mimi ndiye ninayewabandikia notisi ukutani. Vikao haviishi. Diwani mmoja anadai majiko mawili yataleta ugomvi wa mawifi. Mwingine anauliza kama na sufuria tutazihesabu. Watu wanacheka, mwenyekiti anaahirisha, nami narudi nyumbani miguu imevimba.

Unajua kwa nini jambo hili linaniuma. Wifi alipoomba apate pake pa kupikia, mama alimjibu kwamba sheria hairuhusu, mkafunga mizigo. Mama hajasema alikosea, na hatasema; unamjua. Lakini kila jioni huniuliza, kama mtu asiyejali, iwapo ile sheria imeshabadilishwa.

Wiki iliyopita aliuliza tena, nami nimetoka kikaoni hoi. Nikamwambia imepita. Akaendelea kuchambua maharage. Asubuhi nikamkuta fundi uani anapanga matofali kando ya chumba chenu, na mama kamsimamia kichwani, anamgombeza kwamba dirisha ni dogo na mkwe wake ana kifua, moshi utamsumbua. Mwanamke yule yule! Nilijifungia chumbani nikalia. Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba serikali sasa imeruhusu, kwa hiyo hamna tena sababu ya kukaa mbali.

Nimekuandikia kama alivyoniagiza. Ila kaka, haijapita. Nilimdanganya mama kwa uchovu, sikuwa na nguvu ya kusema "bado" kwa mara nyingine. Kikao kimeahirishwa tena, jiko lenu limejengwa kinyume cha kanuni, na wa kulibandikia notisi ni mimi. Sitaibandika. Wakinifukuza kazi, angalau nitalala.

Mama husikiliza redio kila siku, na habari za madiwani hazimpiti. Njooni kabla hajasikia.

Nisalimie sana wifi. Mwambie dirisha limepanuliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Notisi